Mkwe Wangu na Mtihani wa Kitaliano

Skuli niliacha darasa la pili, na Kitaliano nakijua. Nianze na hilo, kwa sababu nyinyi vijana mnaoingia kazi za hoteli siku hizi mna vyeti vya kila rangi, na mkimwona mama mtu mzima anasukuma toroli la mashuka mnadhani kichwani mwake mna povu la sabuni tu. Nimetandika vitanda vya wageni tangu miaka ya themanini. Nimestaafu kwa miguu yangu, sikufukuzwa. Nyumba yangu ya Mpendae nimeijenga kwa mashuka na foronya, na hakuna mwanamme aliyenisaidia hata tofali moja baada ya marehemu mume wangu kuondoka. Kwa hiyo mnapokaa na simu zenu mkijisomesha lugha za watu, mkajiona wa kwanza duniani, hebu tulieni.

Sisi tulisoma lugha kwa kompyuta wakati nyinyi mnanyonya. Mimi mwaka ule nilisoma huku moyo uko juu, maana ndoa ya mwanangu Asha ilikuwa inaning'inia, na mumewe alikuwa darasa moja na mimi.

Kazi nilifundishwa na Bi Sheikha, Mungu amrehemu, katika nyumba ya wageni pale Shangani. Alikuwa mwanamke wa Kiarabu, familia yake zamani ilikuwa na mashamba ya karafuu, na yeye akaishia kuhesabu mito. Hakulilia hilo hata siku moja. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya shuka nililotandika, na akikuta mkunjo, analivuta lote chini bila kusema neno. Nitandike tena. Akinisifu alikuwa anasema, "Hiki mtu atalala." Basi. Alinifundisha pia kwamba mtandika vitanda huingia chumbani kwa mtu kama upepo: unatoka, hukuona kitu, hukusikia kitu. Nyinyi leo mnapiga picha viatu vya mgeni mnazituma kwa wenzenu. Ningekuwa bado msimamizi, ungekwenda kwenu siku hiyo hiyo.

Kitaliano kilinijia nilipohamia Kiwengwa, miaka ya tisini, mahoteli makubwa yalipoanza kuota kule pwani, kina mama wanalima mwani upande huu na Wataliano wanajianika upande ule. Hakuna aliyenifundisha. Nilikiokota kwa wageni wenye hasira. Nawapa siri hii bure: ukitaka kujua lugha ya mtu haraka, msikilize akiwa kakasirika, kwa sababu mwenye hasira husema neno moja mara nyingi, na anakuonesha kwa kidole. Taulo. Mchanga. Maji hakuna. Haraka. Nani kahamisha miwani yangu. Kitaliano changu chote kilikuwa lawama na amri. Neno la kumsifu mtu sikuwa nalo hata moja.

Halafu, miaka ya elfu mbili ilipoingia, kampuni yenye hoteli ikaamua wafanyakazi wote wanaokutana na wageni wasome Kitaliano kwa mtandao. Walituambia wazi: mwisho wa msimu kuna mtihani, na asiyefaulu mkataba wake hauongezwi. Bwana Hamid, ofisa wa wafanyakazi, alitusomea hilo amesimama, na kwa kawaida yeye hukaa.

Darasa lilikuwa chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Kompyuta moja, kamera ndogo juu yake kama jicho la kaa. Siku za kawaida tulisoma na mashine: inasema neno, na wewe unalisema, ikikubali inaonesha kijani, ikikataa nyekundu. Mimi kusoma maandishi ni kwa kuvuta, basi mwenzangu Subira, msichana wa vyumba vya juu, alikuwa akinisomea.

"Bi Tatu, mashine imekukataa."

"Iambie na mimi nimeikataa."

Lakini nilirudia. Nilirudia mpaka ikachoka yenyewe. Umeme ulikuwa ukikatika, tunangoja jenereta. Mtandao ulikuwa ukikatika, na hilo jenereta haliliwezi. Mara moja kwa wiki alikuwa anatokea mwalimu mwenyewe kutoka kwao, Sinyora Renata, nywele fupi, sauti ya mtu anayepika huku anasema. Mara nyingi uso wake uliganda mdomo uko wazi, na sisi tumekaa tunamtazama kwa adabu kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa.

Siku za mwanzo somo halikuwa likianza. Kila mmoja wetu anakaa mbele ya kamera, anamwamkia, anamuuliza afya yake, watu wa nyumbani kwake, mama yake hajambo, baridi inamtendaje. Mpaka mtu wa mwisho amalize salamu, muda umekwisha. Bwana Hamid akatukataza, tumwamkie kwa pamoja mara moja, basi. Tukafanya hivyo. Wiki iliyofuata Renata akatutazama, halafu akauliza: leo hamniulizi habari za mama yangu?

Sasa mkwe wangu. Makame, mtoto wa watu wa Kiwengwa, mhudumu wa mezani katika mkahawa wa hoteli. Nyinyi wa leo mnapeana mikono na mama wakwe zenu na kupiga nao picha. Kwetu haikuwa hivyo. Makame aliponiona ukumbini alikuwa anainamisha macho, "Shikamoo mama," "Marahaba," na hapo mazungumzo yamekwisha. Nikiingia kantini naye anakula, anaacha sahani anatoka. Nikaona mtoto wa watu atakufa njaa kwa ajili yangu, nikajizoesha kukohoa mlangoni kabla ya kuingia, apate kumeza. Tumefanya kazi mahali pamoja miaka, na nikiwa na neno la kumwambia nilimtuma Subira, hata kama Makame amesimama hatua chache kutoka hapo anasikia kila kitu.

Darasani alikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Akiulizwa, sauti inaingia ndani ya shati. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikasema moyoni, huyu hasomi.

Alasiri moja nimerudi kazini, nikamkuta Asha nyumbani kwangu Mpendae, kakaa kwenye kitanda chake cha usichana, na mkoba mkubwa miguuni. Wao walikuwa wamepanga nyumba Chukwani. Sikumuuliza. Nikampa chai. Alipomaliza kikombe ndipo akasema.

Makame siku hizi akitoka kazini hafiki nyumbani. Akifika, kachelewa, na akiulizwa anasema kazi. Bafuni anajimwagia maji huku anasema peke yake maneno ya Kitaliano, na katika hayo limo neno *amore*, yaani mapenzi. Mwanangu hajui Kitaliano, lakini neno hilo hakuna mtu wa Unguja asiyelijua. Halafu jirani yao Bi Mize, ambaye macho yake hayalali, akamwona Makame mjini, Mkunazini, katika duka la intaneti, kavaa vile vitu vya masikioni, mbele yake mwanamke wa kizungu kwenye kioo, na Makame anacheka.

"Anacheka vipi?" nikauliza.

"Kama alivyokuwa akicheka na mimi."

Akaniambia amemvumilia vya kutosha. Mwezi huu ukiisha bila yeye kupata jibu la maana, anakwenda kwa kadhi.

Nikwambieni ukweli, niliingia hofu. Mimi nilikuwa natandika vitanda Kiwengwa, nayajua. Nimewaona vijana wa pale, wazuri, wenye adabu zao, wamepanda ndege na kina mama wa Kitaliano na nyuma wameacha wake na watoto. Vyumba vyao nilivisafisha mimi. Kwa hiyo sikuweza kumwambia mwanangu kwamba anaota.

Na kumuuliza Makame sikuweza. Baba yake Asha hayupo. Desturi ni kuita wazee, na ningeweza kumwita shemeji yangu kutoka Makunduchi, lakini jambo likishafika kwa wazee linakuwa kikao, na watu wakishakaa kikao hawapendi kuondoka bila neno kubwa. Neno kubwa la ndoa mnalijua. Nikanyamaza. Kila siku napanda gari la wafanyakazi kwenda Kiwengwa, Makame kakaa mbele, mimi nyuma, natazama kisogo chake na kujiuliza kilichomo ndani. Nyumbani, Asha alikuwa akiniuliza kwa macho kama leo nimeona chochote. Sina. Mwezi unakwenda.

Mtihani ukaangukia siku za mwisho za mwezi ule ule.

Tulikuwa tunaingia wawili wawili. Renata alikuwa anachanganya majina huko kwao na kutaja nani na nani. Subira alitoka amefaulu, analia. Nikakaa natazama vidole vyangu. Halafu Bwana Hamid akafungua mlango akaita: "Bi Tatu." Akatazama karatasi yake, akaitazama tena kama anaomba ibadilike. "Na Makame."

Tuliingia. Viti viwili vimepangwa pamoja mbele ya kamera, vinagusana. Makame alikivuta chake mpaka akatoka nusu kwenye picha. Renata akamwambia arudi, haonekani. Akarudi. Mimi nikaanza kusikia jasho mgongoni, na kipoza hewa kilikuwa kinafanya kazi.

Renata akatusomea mchezo wetu, kwa sababu mtihani ulikuwa wa mchezo: unapewa hali, mnazungumza. Nyinyi ni mume na mke, akasema. Mko mkahawani. Mke amekasirika kwa sababu mume anachelewa kurudi nyumbani kila siku na hasemi sababu. Anza, Tatu. Mwite mpenzi wako.

Mimi nimwite Makame mpenzi wangu.

Makame alitazama chini, nikaona tone la jasho limemdondoka puani likaanguka kwenye suruali. Renata akangoja. Akatukumbusha muda unakwenda. Bwana Hamid, anayejua vizuri sisi ni nani, akainama kwenye kipaza sauti akaanza kumweleza kwa Kiingereza, lakini mtandao ukala maneno yake, na Renata akadhani anatunong'oneza majibu. Akakasirika. Akasema mtu mwingine yeyote akizungumza, wote wawili wamefeli.

Bwana Hamid akarudi ukutani.

Hapo nikaona picha nzima. Tukinyamaza, Makame hana kazi, na kijana asiye na kazi, mwenye mke aliyerudi kwao, ndiye hasa anayepanda ndege. Nikisema aliyotaka Renata, basi sitamtazama tena mkwe wangu usoni hadi nazikwa, wala yeye mimi. Nikavuta pumzi. Kitaliano changu ni cha lawama na amri, nikakitumia hicho hicho nilichonacho.

Nikamwambia: "Sinyora. Hapana. Huyu mume wa binti yangu. Mimi si mke. Mimi mama wa mke."

Renata aliganda, nikadhani ni mtandao. Kumbe alikuwa anafikiri. Akasema, haya, vizuri, basi kuwa mama wa mke. Muulize wewe kwa nini anachelewa.

Alisema hivyo tu, kama mtu anayebadilisha kijiko. Hakujua alichonipa.

Kwa Kiswahili lile swali nisingeweza kulitamka hata kwa kushikiwa panga. Kwa Kiswahili mimi ni mama mkwe, kuna haya, kuna macho ya watu, kuna maneno ya mbele na maneno ya nyuma. Kitaliano hakikunijua. Kilinijua kama mwanamke wa taulo.

"Wewe," nikamwambia Makame. "Kila siku unachelewa. Kwa nini?"

Akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Halafu akajibu, macho yako sakafuni, neno moja moja, kama mtu anayetoa miiba. Nawaandikia kwa Kiswahili, lakini kilikuwa Kitaliano cha kuchechemea.

"Nasoma."

"Wapi?"

"Mjini. Kwenye kompyuta."

"Hapa kompyuta iko."

"Hapa uko wewe."

Sikuelewa. Nikamwambia aseme vizuri.

"Naona haya," akasema. "Nakosea. Wewe hukosei. Mbele yako, mdomo unafunga. Nakwenda mjini, nakosea huko."

Renata alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, anatufanyia ishara ya mkono tuendelee, tuendelee. Mimi sikuwa na habari naye. Nikauliza lililobaki.

"Kwenye kompyuta kuna mwanamke. Ni nani?"

Makame akanyanyua uso. Mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu, alinitazama machoni.

"Bibi kizee," akasema. "Kozi ya huko inatupa mtu wa kuzungumza naye. Mimi wamenipa bibi. Mkubwa kuliko wewe. Ana paka. Kila siku habari za paka. Nacheka, kwa sababu sielewi."

"Na *amore*?"

"Jina la paka."

Nilimtazama kwa muda. Mtu anaweza kudanganya kwa lugha yoyote, najua, na wageni wamenidanganya kwa lugha nyingi. Lakini uongo unataka maneno, unataka kupamba hapa na kufunika pale. Kitaliano cha Makame hakikuwa kimefika pa kusemea uongo. Kilitosha ukweli tu, tena kwa shida.

"Binti yangu," nikasema. "Unamtaka?"

"Namtaka. Nyumba haina sauti."

Hapo Renata akapiga makofi. Akasema wote wawili tumefaulu, na kwamba katika mwaka mzima hajaona wanafunzi wanaoigiza vizuri namna hii, hata machozi. Mimi sikuwa nimeyaona machozi ya mtu. Bwana Hamid alikuwa kageukia dirishani, anafuta miwani kwa tai yake.

Makame akasimama. "Shikamoo mama," akasema kwa Kiswahili, kama kwamba ndiyo kwanza tumeonana, akatoka nyuma nyuma.

Nilifika Mpendae Asha yuko uani anakuna nazi. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na vazi langu la kazi, nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia nyinyi. Hakuacha kukuna. Nilipofika kwenye paka aliacha.

"Kakwambia kwa Kitaliano?"

"Kwa Kitaliano."

"Mimi sijui Kitaliano." Akaanza kukuna tena. "Na sikuolewa ili wewe umwakilishe. Aje mwenyewe aniambie mimi, kwa Kiswahili."

Nilitaka kumgombeza, halafu nikaona ana haki. Lakini nani atafikisha ujumbe? Subira singemtuma, neno kama lile si la kupita mdomo wa mtu wa kazini. Wazee ndio hao niliokuwa nawakwepa. Siku ya pili yake nikakutana na Makame kwenye ujia wa vyumba vya baharini, yeye na sinia la kahawa, mimi na toroli langu. Akainamisha macho. Akaniamkia, nikaitikia. Akabana ukutani nipite.

Nilipomkaribia nikasema, mbele yangu, bila kumtazama, kwa ile lugha ya taulo: "Ijumaa. Nyumbani. Kiswahili."

Vikombe viligongana kidogo kwenye sinia. "Sì, mama," akasema, ndiyo ya Kitaliano.

Nimewaandikia haya kwa sababu mnaniuliza kama kozi za mtandao zinafaa au zinakula muda wa watu. Mashine itakufundisha kusema maji, chumba, bei gani. Itakuonesha kijani na nyekundu. Iacheni ifanye kazi yake, na msione haya kwa nyekundu, maana mkwe wangu kwa kuionea haya nusura apoteze mke. Na mkipata lugha ya pili, mtaona kuna mambo ambayo lugha yenu imewafungia mlango, na ile ya wageni haijui mlango huo upo. Pitieni. Lakini msije mkakaa huko mkadhani mmemaliza. Mwenye haki ya kuambiwa, mwambieni kwa lugha anayolalia.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, Makame alikuja peke yake, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama. Nilimpokea salamu, nikachukua beseni langu la nguo nikaenda uani, kwa kuwa mimi kukaa pale kungemfunga mdomo. Nguo zenyewe zilikuwa safi. Nilizifua hivyo hivyo.

Ukuta wangu ni mwembamba, ndivyo nilivyoweza kujenga. Nikamsikia anaanza. Akasema neno, akaliacha. Akaanza upande mwingine, akakwama. Mtu aliyezaliwa Kiwengwa, Kiswahili kakinyonya, siku ile alikitafuta kama mtu anayetafuta sindano mchangani, na hapakuwa na mashine ya kumwonesha rangi. Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. Halafu akasema taratibu, jina la Asha kwanza, na baada yake yale aliyoniambia mimi kwa Kitaliano.



"Sema tena," Asha akamwambia. "Sijasikia."

Alisikia. Hata mimi uani nilisikia.